Namna ya Kwenda Fildi Hospitalini Bila Kugeuka Pambo la Ofisi

Kila Julai vyuo vikifunga, hospitali za Tanzania hupokea mgeni wa aina yake: mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uongozi wa huduma za afya, kompyuta mpakato begani, barua ya chuo mkononi, nadharia tatu za uongozi kichwani. Hatibu. Hachomi sindano. Pengine hata kupima presha hajui. Amekuja kujifunza jinsi hospitali inavyoendeshwa, na mara nyingi huondoka akiwa bingwa wa mashine ya kudurufu. Ndugu mwanafunzi, mwongozo huu ni wako, na nakusihi uusome kabla hujapanda basi.

Tuanze na barua. Hospitali haikujui wewe, inajua karatasi, na karatasi ina mwenyewe. Ukipangiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, andika kwa Mganga Mfawidhi. Hospitali hizo zimekuwa chini ya Wizara ya Afya tangu zilipotolewa TAMISEMI mwishoni mwa 2017. Ukipangiwa hospitali ya wilaya, kituo cha afya au zahanati, mwenye nyumba ni halmashauri, na barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Asiyejua tofauti hii hufundishwa na jua: masjala hii inamtuma ile, ile inamrudisha hii, na bodaboda anadai nauli kila safari. Nenda masjala mwenyewe, msalimie mtunza kumbukumbu, umuulize barua yako imeingia faili gani na ni folio ya ngapi. Barua isiyo na folio haijafika, hata kama uliiweka mezani kwa mkono wako.

Suti iache nyumbani. Mtu mwenye tai na begi la ngozi kwenye korido ya hospitali ni wa kampuni ya dawa au ni mkaguzi. Wakikudhania wa kwanza watakukimbia, wakikudhania wa pili watajipanga vizuri mbele yako, na kwa vyovyote hutaona kitu. Vaa shati safi, viatu visivyopiga kelele wodini, kitambulisho kining'inie mahali kinaposomeka. Na koti jeupe usiliguse, hata ukipewa la kuazima. Utavutwa mkono na ndugu wa mgonjwa: "Dokta, njoo umwangalie mwanangu." Utamjibu nini? Hili sina utani nalo. Mtu aliyelala sakafuni usiku kucha akiuguza akiona koti jeupe anaona msaada umefika, na si haki kumpa tumaini usiloweza kulitimiza.

Msimamizi wako hasa atakuwa Katibu wa Afya. Wanafunzi wengi humkimbilia Mganga Mfawidhi kwa sababu ana ofisi yenye kiyoyozi na ubao wenye majina ya waliomtangulia. Lakini dizeli ya jenereta, likizo za watumishi, mkataba wa usafi, walinzi, friji ya mochwari, gari la wagonjwa kwenda matengenezo, hayo yote yanaishia mezani kwa katibu. Huyu ndiye unayesomea kuwa yeye. Mwamkie, "Shikamoo, Mama," au "Shikamoo, Mzee," kaa ulipoonyeshwa, na akikwambia, "Kijana, meza yako ile pale karibu na printa," hapo ndipo uchangamke. Meza ile ni mtego. Ukiizoea, utaandika mihtasari ya vikao mpaka Septemba. Sema hivi: "Mama, nashukuru sana. Naomba wiki ya kwanza nikae mapokezi, halafu nitarudi kukusaidia kuandika." Sijawahi kuona katibu wa afya akikataa ombi hilo, maana mapokezi ndiko malalamiko yake yote yanakotoka.

Basi nenda mapokezi, na nenda saa 1:30 asubuhi, kabla karani hajafungua dirisha. Beba daftari, kalamu na saa. Omba kibali, kisha andaa vikaratasi vidogo. Kila mgonjwa akifika anapewa kimoja, na kila anapopita panaandikwa saa aliyofika na saa aliyotoka: mapokezi, kwa keshia, kupimwa presha na uzito, kwa daktari, maabara, kurudi kwa daktari, famasia. Famasia ndiyo inayokukusanyia vikaratasi hivyo. Kisiandikwe jina wala ugonjwa, saa tu. Jioni utakuwa na picha ya hospitali ambayo Mganga Mfawidhi mwenyewe hana, kwa sababu yeye humwona mgonjwa akiwa chumbani kwa daktari, na mgonjwa chumbani humo hukaa dakika chache tu za siku yake.

Ipo hesabu itakayokusaidia hapa. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwamba idadi ya watu waliomo kwenye foleni ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa ukiizidisha kwa saa anazokaa kila mmoja. Hesabu hii haiulizi kama unapima benki au kliniki. Ukikuta watu 60 kwenye benchi na wanaoingia na kutoka ni 20 kwa saa, kila mmoja anakaa wastani wa saa 3. Huna haja ya kumsumbua mtu mwenye homa kwa dodoso la kurasa sita ukimuuliza kama "ameridhika sana, kiasi, au hakuridhika". Hesabu benchi.

Ukikaa hapo utamwona mzee. Sijui atakuwa na jina gani, lakini atakuja. Amevaa koti ingawa kuna joto, ameshika mfuko wa plastiki wenye vyeti vya miaka yote, na amepanga kwenye dirisha la wazee tangu alfajiri. Karani anamuuliza kitambulisho cha msamaha. Hana. Uchangiaji wa gharama ulipoingia mwaka 1993 misamaha iliwekwa pamoja nao, na Sera ya Afya ya 2007 inawataja wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwa hiyo haki anayo, tena imeandikwa. Anaelekezwa kwa ofisa ustawi wa jamii, mlango wa tatu kulia. Mlango umefungwa: ofisa yuko kwenye semina, na muhuri umo ndani ya droo. Mzee anakaa kwenye benchi la nje, hamlaumu mtu, anaanza kupanga upya vyeti vyake.

Hapa kozi yako yote imekuja kukutahini. Kumhurumia ni wajibu wa kila mwenye moyo. Kulipa kwa mfuko wako kutamsaidia huyu wa leo. Anayesomea utawala anakwenda mbele zaidi na kuuliza: ofisa asipokuwepo, muhuri anakuwa nao nani? Nani ameandikiwa barua ya kukaimu? Mara nyingi utakuta hakuna, na hakuna kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Muuguzi wa zamu angeweza kuidhinisha kwa muda. Karatasi moja yenye mistari minne, iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi, ingemfikisha mzee kwa daktari kabla ya saa nne. Ukiandika karatasi hiyo na ikasainiwa, fildi yako imeshalipa nauli, hata kama mengine yote hayakufanikiwa.

Baada ya mapokezi, fuata vitabu. Nazungumzia MTUHA, zile rejesta kubwa ambazo kila wodi na kliniki inazo. Chuoni utafundishwa kuchambua takwimu za DHIS2, mfumo uliotengenezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika nchi nzima, na utaambiwa kwamba takwimu za vituoni zina mapungufu. Kabla hujaliandika hilo kwenye ripoti, kaa usiku mmoja wodi ya wazazi na sista wa zamu. Akina mama watatu wanasukuma, mmoja anatoka damu, na rejesta inangoja: jina, umri, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, saa, dakika, dawa ya kuzuia kutoka damu imetolewa au la. Anaijaza saa kumi na moja alfajiri kwa kumbukumbu ya kichwa. Mwombe umsomee safu huku yeye akiandika. Utajifunza ni safu zipi zinajazwa kwa uhakika na zipi zinajazwa kwa alama ya vema kutoka juu hadi chini bila kuinua kalamu. Florence Nightingale, ambaye wauguzi humkumbuka kila Mei 12, alichapisha mwaka 1858 mchoro wa vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, ukionyesha kwamba maradhi yaliyoweza kuzuilika yaliua wengi kuliko majeraha. Mchoro huo ulitegemea watu walioandika vifo hospitalini, mmoja mmoja, wakiwa wamechoka vilevile.

Sasa njoo kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mwanafunzi anapoweza kuacha alama. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi wa umma na mwajiri wake wanachangia jumla ya asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Mwanachama akitibiwa, hospitali haipati hela siku hiyo. Inapata madai. Madai yanakusanywa mwezi mzima, yanapelekwa, Mfuko unayakagua, na kinachorudi ni pungufu ya kilichokwenda. Wenyewe wanaita kukatwa. "Mwezi huu tumekatwa sana," utamsikia mhasibu akisema, kama mtu anayeongelea mvua.

Kaa na karani wa madai umwombe fomu zilizokatwa. Chukua moja uisome mpaka uielewe. Mfano wa kila siku ni huu. Mwanamke wa makamo. Ugonjwa ulioandikwa: malaria. Kipimo kipo, majibu yapo. Dawa zilizotolewa: ALu, paracetamol, amlodipine. Mfuko umelipa mbili za kwanza na kuikata amlodipine, kwa sababu ni dawa ya presha na presha haikuandikwa popote. Mkaguzi hana kosa. Daktari naye hana hila. Mama alikuwa ameshafika mlangoni akageuka: "Dokta, na zile zangu za presha zimeisha." Daktari akaziongeza, akaita namba inayofuata. Mgonjwa alipata dawa aliyoihitaji, famasia ilitoa dawa iliyonunuliwa kwa fedha, na hospitali haikurudishiwa shilingi.

Panga fomu zilizokatwa kwa sababu zake. Fungu moja ni dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa. Fungu jingine halina saini ya mgonjwa. Lingine lina namba ya kadi iliyokosewa tarakimu, au bei iliyozidi orodha ya Mfuko, au dawa ambayo ngazi ya kituo chako hairuhusiwi kuitoa. Utagundua kwamba sababu chache zinabeba sehemu kubwa ya hasara, na kwamba nyingi zingerekebishwa siku ileile kama fomu ingeangaliwa kabla mgonjwa hajatoka getini. Karani wa madai analijua hilo kuliko wewe. Tatizo ni kwamba fomu humfikia mwisho wa mwezi, daktari aliyeandika ameshakwenda likizo na mgonjwa yuko kijijini. Pendekeza fomu zimfikie kila jioni. Hesabu hasara ya mwezi mmoja kwa shilingi, kisha iandike kwa vitu: mitungi mingapi ya oksijeni, boksi ngapi za glovu, vitendanishi vya siku ngapi. Waganga husikiliza wakitajiwa oksijeni. Na jambo hili halitapungua uzito: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila mwananchi atakayeingia kwenye bima ni fomu nyingine juu ya meza ya karani huyo huyo.

Stoo ya dawa ni fupi kuieleza, japo si nyepesi kuifanya. Chagua dawa kumi muhimu, hesabu kilichopo rafuni kwa mkono, linganisha na kadi ya stoo, halafu na kompyuta. Namba tatu zikifanana, mpongeze mfamasia mbele za watu. Zisipofanana, muulize faragha. Fahamu pia njia ya dawa: agizo linakwenda Bohari ya Dawa, na kile ambacho Bohari haina hununuliwa kwa mshitiri, utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Uliza agizo la mwisho lilikwenda lini, lilijibiwa lini, na katikati wagonjwa waliambiwa nini.

Ukitaka kupanga stoo, hospitali nyingi zimeshasikia habari ya 5S, iliyoanza kujaribiwa Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani. Mabango bado yapo ukutani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua ni kutamu, wiki moja unatoa vitanda vilivyovunjika na katoni tupu, unapiga picha za kabla na baada. Kazi iko kwenye kushikilia. Usianzishe usafi ambao hakuna mtu wa kudumu aliyekubali kwa mdomo wake kuuendeleza ukiondoka.

Nimetaja picha. Simu yako isipige picha ya faili la mgonjwa, rejesta, wala kioo cha kompyuta, na kitu cha namna hiyo kisikanyage kundi lenu la WhatsApp hata kwa kuomba msaada wa kusoma mwandiko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, yule aliyepimwa kifua kikuu ana majirani.

Saa nne nenda kantini. Wanaokaa ofisini na chupa ya chai yao hawajui wanachokosa. Kaa meza moja na dereva wa gari la wagonjwa, mnunulie chapati, muulize kuhusu rufaa. Atakwambia ni kituo gani hutuma mgonjwa bila barua, barabara ipi haipitiki masika, na ni saa ngapi alisubiri mara ya mwisho kusainiwa mafuta. Fundi wa hospitali atakueleza kwa nini jenereta haiwaki yenyewe umeme ukikatika. Mhudumu wa usafi anajua bomba la wodi gani halitoi maji, na hivyo ni wodi gani watu hawanawi mikono. Hakuna kati yao anayeitwa kwenye kikao cha menejimenti. Andika wanayosema, uwaombe ruhusa ya kuyatumia, na majina yao yabaki kwako.

Katikati ya muda wako, chagua jambo moja. Ripoti yenye matatizo kumi na nne na mapendekezo ishirini itawekwa juu ya kabati na ya mwaka jana itaitandikia. Jambo moja, lililo ndani ya uwezo wa hospitali yenyewe, lisilohitaji mfadhili wala kibali cha Dodoma: kaimu wa muhuri wa msamaha, au fomu za bima kukaguliwa kila jioni. Liandike kama dokezo sabili la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, maana ndicho watakachojadili nacho. Hali ilivyo, inagharimu nini, nini kifanyike, nani afanye, kuanzia lini. Zile kurasa themanini za chuo utaziandika baadaye kwa Kiingereza chako na nadharia zako tatu.

Usianzie kwa wakubwa. Matokeo yako wapelekee kwanza wale uliowapima: makarani wa mapokezi, sista wa zamu, karani wa madai, ofisa ustawi wa jamii. Waite mchana foleni ikiisha, wasomee namba zako, unyamaze. Watakubishia. "Ile Jumatatu mtandao ulikatika mpaka saa sita, hukuandika." "Hao ishirini walikuja na basi moja kutoka kliniki ya jirani." Rekebisha palepale mbele yao. Kisha, siku ya kikao cha menejimenti, omba karani wa mapokezi aruhusiwe kuingia nawe. Soma dokezo lako kwa dakika tano, na Mganga Mfawidhi akiuliza kama jambo hili linatekelezeka, umwachie karani ajibu.